Gololi ya Katikati

Theluji imeziba nusu ya dirisha hapa Gyumri.
Swali la nne. Matufe matatu, mstari mmoja,
sakafu isiyo na msuguano
(sakafu hiyo haipo mtaa huu wote).
La kwanza tungamo lake moja, la mwisho tisa.
La katikati wamelificha: litafute wewe,
ili la mwisho liende kasi kadiri iwezekanavyo.

Baba ameketi, amenipa mgongo.
Miaka ishirini na miwili alisaga beringi
hadi kiwanda kikafungwa, akarudi nyumbani
na kopo la gololi na neno moja: hapana.
Mwezi wa tisa nilimwendea mzimamzima.
Nataka kusoma Yerevan, nikamwambia.
Moja kwa tisa. Fanya hesabu:
nne ya tano ya kasi yangu ilinirudia usoni.
Yeye alitikisika. Ndiyo hiyo moja ya tano.

Nazimwaga gololi zake mezani, taratibu, zisilie.
Momenta kabla, momenta baada.
Nishati nayo vivyo hivyo,
maana mgongano nyumbufu haumezi kitu,
hauachi joto, hauachi kovu.
Nafuta. Naandika. Karatasi inatoboka.

Tatu!
Ya kwanza inaigonga, inaiachia nusu, inarudi na nusu.
Tatu inaigonga tisa: robo.
Robo inaishinda moja ya tano.
Nakagua mara mbili, siamini
kwamba kumpitia mtu kunafika mbali kuliko kwenda mwenyewe.

Mama anaingia na birika.
Haulizi nahesabu nini.
Anainama sikioni kwa Baba: nauli ya basi,
chumba kwa binamu Siranush, jiko lake lisilovuja moshi.
Sauti ya mtu anayepunguza chumvi.
Kiti cha Baba kinalia sakafuni.
Kimegeuka. Kidogo, lakini kimegeuka.

Kipengele cha pili nilikuwa nimekiruka:
kasi ya tufe la kati, mambo yakishatulia.
Hasi robo.
Kadiri Baba anavyosogea mbele,
yeye anasukumwa nyuma kadiri ileile.

Nainua macho. Mama yuko mlangoni,
anavaa koti la kwendea kuni,
uso ameuelekeza nje kwenye baridi.
Kitabu kinasema hakuna kilichopotea.
Jibu nimeliandika.
Sijalipigia mstari.