Skrubu Ishirini na Sita

Bawa la kwanza lilivunjika Jumanne
juu ya meza mbili za karakana, Pasua.
Tulilirundikia mifuko kumi na tisa ya mchanga;
wa ishirini ukasema basi.
Lilia kama muwa unaokatwa kwa goti.
Ndeonasia akatoa penseli sikioni,
akaandika ukutani, chini ya kalenda ya duka la mbolea:
*Ubavu wa saba. Gundi haikulala.*

Tukaanza upya.
Msonobari wa Rongai, miaka minne darini,
nyuzi za kioo, gundi ya kopo inayouma macho,
msasa mkali, kisha laini, kisha laini zaidi.
Alitembeza ukucha mgongoni mwa bawa, amefumba macho.
"Hapa hewa itajikwaa."
Sikuona kitu. Nikapiga msasa pale pale.

Mizani tuliiazima chama cha ushirika,
ile ya kahawa, yenye sindano inayosita.
"Daraja gani hii?" karani Mbonea akauliza.
Tulicheka sisi, sindano haikucheka:
kilo kumi na moja zaidi ya hesabu za karatasi.
Usiku kucha tukazisaka zilikojificha:
rangi iliyopakwa mara mbili, bawaba ya shaba,
na tabia yangu ya kuongeza skrubu
kila ninapoogopa.
Ishirini na sita. Nilizifungua moja moja
kama mtu anayetubu.

Halafu, baada ya kubana hivyo vyote,
akachonga ndani ya kila bawa tumbo la maji!
Lita sitini huku, sitini kule.
"Kizito hushuka," nikamwambia.
"Kizito hukimbia. Mteremko ni ule ule.
Jua likiwa kali, maji ni mwendo;
likichoka, nayamwaga."

Siku ya mashindano, uwanja wa Moshi,
nyasi zimeungua, mlima umejifunika shuka.
Maji tulikuwa tumeyachota alfajiri kwenye mfongo wa kwao,
madumu sita ya njano.
Lori la miwa likavuta kamba,
kamba ikadondoka,
na ndege isiyo na injini ikabaki na haki yake tu.
Kusini, vumbi la chamchela lilikuwa linasimama wima.
Korongo wanne walizunguka humo bila kupiga bawa.
Akaingia, akawa wa tano.

Hakushinda. Wa nne kati ya saba.
Wingu lilimfumania juu ya Kahe,
akachelewa kufungua bomba, akamwaga akiwa chini mno.
Wiki ile mtu wa Kahe alipiga simu,
anauliza ni mvua gani iliyolowesha
mstari mmoja wa maharage yake
ikaacha mingine.
Sikuwa na jibu la adabu.

Ukutani, chini ya kalenda, kuna maneno mapya:
*Bomba lifunguke mapema.*
Na chini yake, mwandiko mdogo, karibu wa aibu:
*Rudisha skrubu moja.
Kiti kinatetemeka.*