Bi Mwantumu Anachelewa

Saa ya mashine haijui alfajiri.
Sisi huanza kuhesabu jua likichomoza,
yenyewe huanza nikibonyeza:
saa sifuri, dakika sifuri, sekunde sifuri, fremu sifuri,
ukumbini Ngamiani, nyuma ya pazia la kijani
linalonuka dawa ya mende.

Kompyuta mbili. Moja ina sauti ya marehemu,
ya pili ina sura yake.
Kati yao nimepitisha waya,
na ndani ya waya unapita mlio
kama panzi aliyefungiwa kwenye kopo la maziwa.
Huo ndio msimbo wa muda, karani asiyelala,
anayeiambia picha mara ishirini na tano kila sekunde:
tuko hapa. Sasa hapa. Sasa hapa.

Mlio huo mtu hapaswi kuusikia.
Jumanne niliuchomeka kwenye tundu lisilo lake,
ukatoka kwenye maspika yote manane,
na mzee Mbwana wa fidla akashusha upinde
akauliza nani anakaanga misumari.

Jumatano midomo ikabaki nyuma fremu saba.
Sauti imeshasema "nilikwambia",
mdomo bado uko kwenye "ni".
Wafagiaji wakacheka. Nikatoka nje,
nikanunua kahawa na kashata, nikapiga hesabu.
Projekta, kama mtu mwenye adabu, hufikiri kabla ya kutamka:
fremu tatu hizo.
Nne zilikuwa zangu, namba niliyoiandika nikisinzia.
Nikazifuta zote. Mdomo ukaingia ndani ya sauti
kama mguu kwenye ndala ya siku zote.

Nikajiona fundi.
Usiku ule nikaifungua sauti yake, nikaitazama:
kila ubeti anaingia baada ya ngoma,
kidogo tu, upana wa ukucha kwenye kioo.
Nikasema, kanda ya zamani hii, ilikuwa inavuta.
Nikamsogeza neno baada ya neno,
nikampanga juu ya mapigo kama vikombe kabatini,
na picha nikaiburuta imfuate.

Dumbaki anapiga Hizza, mwanawe wa mwisho,
na kidude sikioni kinachomgongea, ti, ti, ti,
asikimbie wala asilale.
Alhamisi, ubeti wa pili, akaacha kupiga.
Mama yake akaendelea peke yake ukutani,
macho nusu, leso begani,
akiimba sawasawa kabisa, na nani?

"Fundi," Hizza akasema, "huyu siye."

Kisha, bila kuniangalia:
"Mama hakuwa akiikimbilia ngoma.
Aliiacha ipige hodi, ndiyo atoke.
Nyumbani vilevile: unaita, kimya,
unadhani hayupo,
halafu, *abee*.
Baba aliisogeza saa ya ukutani mbele, robo saa nzima,
miaka na miaka. Haikusaidia."

Nilibaki na kipanya mkononi.

Mpaka saa nane usiku,
nane yetu, ambayo mashine inaiita mbili,
nilikuwa namrudisha alikotoka,
nikiandika kwenye daftari la mistari:
ubeti wa kwanza, fremu nne;
wa pili, tano, hapo alikuwa akivuta pumzi;
kiitikio, mbili na nusu.
Nusu mashine haina. Nikaweka tatu,
nikamwomba radhi.

Jumamosi watu walijaa mpaka nje, kwenye baiskeli.
Wa mlangoni walimwona anafungua kinywa
kabla hawajamsikia,
maana sauti nayo inatembea kwa miguu,
na ukumbi ule ni mrefu.
Hawakulalamika. Mmoja alisema tu,
ndivyo alivyokuwa.

Ubeti wa tatu Hizza akakitoa kidude sikioni,
akakiweka juu ya goti.
Mkono wangu ukaenda kwenye kitufe. Ukarudi.
Yeye anatazama ukuta, mimi natazama namba nyekundu.
Dumbaki ikapiga hodi.
Moja, mbili,
tatu, nne,

ndipo akaitika.