Saa Sita na Dakika Tisa

Mimi ni fundi saa. Kibanda changu kiko Malindi,
nyuma ya soko la zamani, upana wa mikono miwili.
Miaka ishirini na sita nimeinama, jicho moja kwenye lenzi,
nikiamini wakati ni kitu cha kufunguliwa kwa bisibisi.

Tulianza saa kumi na mbili kamili, mwezi wa Machi.
Jua nalo lilianza papo hapo, bila namba kifuani.
Kwa hesabu yetu ya huku saa haimfichi kitu mkimbiaji:
ikigonga moja, umekimbia moja,
ikigonga mbili, mbili.
Wewe na jua mmetoka mlango mmoja
na mwenzio hana magoti.

Asubuhi ilinihadaa.
Upepo ulikuwa baridi kama tumbo la mtungi,
lami bado imelala.
Nikawapita vijana wa Shella, nikampita askari wa Kakoneni,
nikampita hata Mbeyu, mwalimu wa hesabu,
aliyekwenda mwendo wa mtu anayekwenda kuazima kinu.
"Fundi," akaniambia, "mbio hizo ni za kukopa."
Nikacheka. Nilikuwa na pumzi ya kuchekea.

Daraja la Sabaki, mto rangi ya chai ya maziwa.
Kivuli changu kilikimbia kushoto kwangu,
kirefu, chembamba, hodari kuliko mwenyewe.

Baada ya Mambrui kikaanza kurudi nyumbani.
Saa tatu kilinifika kiunoni.
Hewa ikawa nzito ya kutafunwa.
Kila meza nilikunywa maji, kila meza,
nikajimwagia, nikanywa tena,
tumbo likacheza kama dumu lililojaa nusu,
na vidole vikavimba, mahamri kwenye mafuta,
hata pete ya Mwanaesha ikazama nyamani.

Karibu na mashamba ya chumvi
palikuwa na mama mmoja, Sidi, anauza embe mbichi.
Hakunipigia makofi. Alinitazama vidole.
"Umekunywa mto mzima," akasema,
"na chumvi yako yote iko shatini."
Nikatazama: kweli, mistari myeupe,
ramani ya nchi niliyoikimbia bila kuijua.
Akanitilia chumvi kiganjani, na pilipili kidogo.
"Lamba. Kaa. Kisha utaona."

Nilikaa.
Hilo ndilo lililonigharimu kuliko kilomita zote:
kukaa chini, mtu mzima, mbele za watu, juu ya ndoo.

Mbeyu akafika na mwendo wake uleule wa kinu.
Hakusema nilikuambia. Alisema, "Nguzo."
Basi tukagawana nguzo za umeme:
moja tunakimbia, moja tunatembea,
moja ya kukopa, moja ya kulipa,
na deni langu la asubuhi lilikuwa na riba.
Mahali fulani nilimtukana mtu aliyebuni kilomita ya thelathini na tatu.
Mahali fulani nililia kidogo. Jasho lilinisitiri.

Tulipofika uwanjani, lango la puto lilikuwa limelala chini limeishiwa upepo,
vijana wanapanga viti juu ya viti.
Nikaangalia mkono. Saa yangu, niliyoifunga mimi mwenyewe,
niliyoapa haiingii maji, ilikuwa imesimama saa nne u nusu.
Nikaangalia chini.
Kivuli changu chote nilikuwa nimekikanyaga.
"Sita na dakika tisa," kijana wa kuandika akasema,
na mimi nilishajua.

Jumatatu niliifungua.
Kwenye gurudumu la pili palikuwa na chembe nyeupe.
Nikachukua brashi. Nikairudisha brashi.
Mteja amesimama mbele yangu, anasema yake inachelewa,
anataka iharakishwe kabla ya adhuhuri.
Nikamvutia kigoda.

Pete nayo, usiku ule, ilikataa kutoka hata kwa sabuni.
Mwanaesha alivuta, akavuta, kisha akauachia mkono wangu.
"Iache," akasema. "Imekumbuka kazi yake."