Vipimo vya Kenge

Nimepima mabega ya maharusi, viuno vya wajane,
tumbo la askari wa jiji aliyekataa kuvua mkanda.
Leo napima kenge.
Zamoyo kamshika shingo, mimi nashusha tepu:
puani hadi kwapani, kwapani hadi nyonga,
kisha mkia, ambao ni kitambaa kingine kabisa.
Mita moja na nusu ya tepu inaishia njiani
na bado ananidai kiganja.

Alikuja na maji ya Jangwani, masika yale mabaya,
mfupi kuliko rula ya mwanafunzi,
akajibanza kwenye kopo langu la vifungo.
Nikamwita Pindo.
Barua ya maliasili ninayo, ina muhuri.
Kinachokosekana ni nyumba.

Kigogo nzima ina ushauri.
Bi Havintishi: “Mtie kwenye tenga la kuku.”
Tenga! Alilivaa usiku mmoja,
asubuhi kichwa kimetokeza juu
kama mtoto anayepambana na fulana.
Kijana mmoja Kariakoo ananisifia tangi la samaki,
kioo pande zote, taa ya buluu:
“Wageni watamwona vizuri.”
Wageni, ndiyo.
Yeye hatageuka bila kujikunja uti wa mgongo,
na pua ataisugua kiooni mpaka ichubuke.
Watu husema kenge hasikii mpaka aone damu.
Mimi ningemuuliza aliyemfungia.

Keko wakanionyesha kabati la harusi iliyovunjika,
mninga, milango mitatu, kioo kirefu katikati.
Seremala Mkomwa alinipunguzia bei mara mbili
sijafungua mdomo.
Nilipomtajia mvaaji
akaweka randa chini, akacheka hadi akakohoa,
halafu akauliza swali la fundi:
“Anachimba?”
Anachimba, Mkomwa.
Anachimba kama aliyefukia pesa akasahau wapi.
Basi chini panataka udongo, kina cha mkono hadi kiwikoni,
udongo wenye unyevu,
na mninga wa watu utaoza kabla ya Idi.

Gerezani waliniuliza kama nafuga chui.
Wavu wa kuku ungemng'oa kucha;
nondo walizonipigia hesabu
zingekula kodi ya miezi saba.

Nikarudi, nikatandaza magazeti ya zamani sakafuni,
nikayaunga kwa pini, nikachora pateni.
Urefu: Pindo mara mbili, na akiba.
Upana: Pindo mmoja, ageuke bila kuomba radhi.
Kimo: asimame kwa miguu ya nyuma
kama afanyavyo akisikia yai linagongwa.
Hapa beseni, azame mwili wote.
Hapa jiwe, apate jua la saa nne.
Hapa kivuli, maana jua la Februari halina adabu.
Na balbu ya siku za mvua, ile inayokula luku
kama shemeji aliyekuja kwa siku mbili.
Sare ya shule huachiwa upindo wa vidole vinne;
huyu nimwachie wa miaka kumi.

Nikanyoosha mgongo, nikatazama.
Gazeti limegusa ukuta wa huku, limegusa ukuta wa kule,
limepita chini ya cherehani
na kutokea upande wa pili.
Nilikuwa nimechora chumba changu cha kazi,
na dirisha lake, na nondo zake za kuzuia wezi.

Zamoyo hakusema kitu.
Alishika cherehani upande wa gurudumu.

Sasa nashonea barazani.
Vumbi linaingia kwenye satini, jua linanifuata hadi saa nane,
Bi Havintishi kahamisha mkeka wake hatua sita.
Nyuma yangu, ndani, udongo unachimbwa taratibu.

Jana yule askari wa jiji karudi:
suruali inambana, anataka nitoe mshono.
Nikamwambia, kama mwaka jana, avue mkanda.
Akafungua mdomo anijibu.
Akaliona dirisha.
Akavua.