Kisima cha Unga

Lala kifudifudi, akasema Manjulaben,
na mimi Ondoga, mkata miwa kutoka Arua,
niliyeingia Jinja nimejishika kiuno kama mja mzito wa siku zake,
nikalala juu ya meza inayonuka uwatu na kitunguu saumu.

Hakujua Kilugbara. Sikujua Kigujarati.
Kiswahili chetu kilikuwa cha kuokoteza,
changu cha kambini, chake cha dukani kwa marehemu baba yake:
inauma wapi, inauma lini, inashuka mguuni?
Inashuka, mama. Inashuka hadi kisigino
kama siafu wanaoijua njia.

Akakanda unga wa dengu, mgumu kuliko wa chapati,
akausokota mkia mrefu, akauzungusha
pale chini, juu kidogo ya mkanda wa suruali,
akaziba nyufa kwa kidole kilicholowa maji.
Kisima. Kisima juu ya mgongo wangu.
Kisha mafuta ya ufuta, yaliyochemka na majani asiyoyataja,
akayapima kwanza kwenye kifundo cha mkono wake
kama apimaye maziwa ya mtoto,
akayamimina.

Tani tatu kwa siku, miaka kumi na minne,
na hakuna aliyewahi kumimina kitu mgongoni mwangu
isipokuwa jua.

Usicheke, akasema, yatamwagika.
Sikuwa ninacheka.

Yalipopoa aliyachota kwa pamba, akaleta mengine ya moto.
Mara tatu. Nje bodaboda zilipigiana honi,
mtu alitangaza bei ya nanasi kwa Kisoga,
na ndani yangu fundo lililokazwa tangu mvua za mwezi wa nne
lililegea uzi mmoja.
Mmoja tu. Sitaongeza chumvi.

Halafu akanihesabia kwa vidole vyenye mafuta:
maji ya tangawizi asubuhi,
manjano kwenye maziwa usiku, ukipata maziwa,
godoro lililobonyea litupe, lala mkekani, mto chini ya magoti,
jinyooshe kama paka anayeamka.
Mguu ukifa ganzi, au mkojo ukikataa,
usije kwangu, kimbilia hospitali.
Akanyamaza, akafuta mikono.
Na wiki tatu usikate muwa.

Hiyo ya mwisho haikuwa na chupa.
Nilizitazama rafu zake zote,
mizizi, magome, vumbi la kijani, maandishi ya mviringo kama vibuyu.
Wiki tatu hazikuwamo.

Nikalipa nusu, nusu nikaandikwa daftarini.
Ule mviringo wa unga akaufunga kwenye gazeti:
tupa njiani, umekwisha kazi.

Sikuutupa.

Usiku, kambini, Candiru alitua dumu la pili la maji
akasimama ameshika ukuta, akidhani simwoni.
Miaka kumi na minne.
Mimi niliyeulizwa leo kama inashuka mguuni
sijawahi kumuuliza yeye.

Lala kifudifudi, nikamwambia.
Akanitazama kama aliyesikia mbuzi anasoma.
Unga ulikuwa umekauka, una ufa upande mmoja;
nikalowesha kidole, nikaziba.
Mafuta niliyopewa katika kichupa cha waragi
nikayapasha juu ya makaa yanayokufa, nikayapima kifundoni,
na kabla ya kumimina nikataka kusema kitu
kwa Kilugbara, lugha nisiyohitaji kuiokoteza,
nikakuta nina neno moja tu:

Hapa?

Chini kidogo, akasema.

Hapa?

Chini kidogo.