Mlango wa Subiri Mvua

Mlango huu ni wa mbao za makreti.
Ukiinama karibu na komeo, pale mikono haifiki,
zinasomeka bado herufi nne za Kizungu
na picha ya karanga iliyokatika kiuno.
Wazungu wa karanga walikuja Kongwa na matrekta,
wakaichokonoa ardhi, ardhi ikawang'oa meno ya chuma,
ikakauka kama tofali, wakaondoka.
Makreti yakabaki. Bibi yangu Mbeleje
alijitwisha mawili, njia nzima akihesabu misumari.

Hivyo ndivyo kilabu kilivyoanza: kwa mlango.
Kuta zilifuata baadaye.

Reli nayo iling'olewa. Mataruma mawili
Chilongani aliyaburuta usiku kwa punda wa kuazima,
akayafanya mabenchi, akataka malipo yawe pombe
kila Jumamosi mpaka afe.
Aliishi miaka thelathini na mmoja zaidi.
Bibi alikuwa akisema hajapata kununua
kitu cha ghali kama yale mabenchi.

Pombe ilikuwa ya uwele, nzito, ya kutafuna kidogo,
usiku ikijisemea peke yake mtungini.

Jina hakulitunga mtu. Mwaka wa njaa
watu walikuja bila senti, wakaketi, wakasema,
"Andika, mama. Subiri mvua."
Akaandika. Kusoma hakujua, ila mkaa aliujua:
mstari mmoja, kata moja;
mwenye ng'ombe alipewa duara,
mwenye maneno mengi alichorewa ndege.
Upande wa nje ukajaa mpaka ukingoni.
Akageukia wa ndani.

Mwaka wa sabini na moja yakaja malori.
Hamieni kijijini, tukaambiwa, mkae kwa mistari.
Tembe ilivutwa paa, ikapiga magoti kama ng'ombe mchovu.
Bibi aliung'oa mlango pamoja na bawaba zake,
akapanda nao lori, akaukalia.
Kule kijiji kipya, kwa wiki mbili,
ulisimama peke yake uwanjani, umefungwa kwenye miti miwili,
na wateja, kwa heshima, walibisha hodi,
wakapita mlangoni,
wakaingia mahali pasipo na nyumba.

Mama alirithi mlango na ufunguo usio na kufuli.
Kipindupindu kilipokuja, bwana afya alibandika karatasi;
mama akauza uji hadi karatasi ilipochanwa na upepo
(upepo wa kwetu, hauna subira na matangazo).
Kisha mtoto wa Ndahani akaleta divai ya Hombolo
ndani ya dumu lililowahi kubeba mafuta ya alizeti.
Wazee walionja, wakakunja nyuso,
wakaomba tena ili wahakikishe.

Nilizaliwa nyuma ya ile mitungi. Nilijifunza kuhesabu
kwa madeni ya watu waliokwisha kuzikwa.
Mvua zilinyesha, si haba. Wengine walilipa
kwa debe la uwele, kwa jogoo, kwa kupiga lipu.
Wengine walisubiri nyingine.

Sasa makao makuu yamehamia Dodoma
na barabara yataka upana.
Jumanne alikuja kijana wa vipimo,
mpole, shati limepigwa pasi,
akaomba maji, akanywa, akashukuru,
akapaka alama ya X, nyekundu.
Ukuta ulikuwa na vumbi, rangi haikushika,
akaipaka mlangoni, katikati ya mikaa ya njaa.

Mzee Mkunda aliinuka kwenye taruma la Chilongani,
akaisogelea, akaikagua kwa kidole.
"Hii ni ya nani? Anadaiwa kata ngapi?"

Kijana alikunja futi yake.
Mama hakugeuka, alikuwa akichuja.
"Mwache," alisema. "Naye asubiri mvua."

Leo nimekuja na nyundo na lori la kukodi.
Bawaba ya juu imetoka.
Ya chini inakataa.