Siku ya Tatu

Nilianza kwa kufuta.
Kyoto niliifuta kwanza, na mahekalu yake
ambako watu hupanga foleni kutazama visogo vya wenzao.
Nikaifuta Tokyo. Nikaufuta na ule mlima
ambao kila mtu anao tayari, kwenye kalenda, jikoni.
Vumbi la kifutio likajaa mezani
hadi kwenye vidonge vya baba vya saa mbili usiku.

Baba yangu, Sadanori, alikuwa mpanga ratiba wa reli.
Miaka thelathini na minne alizikata dakika
kama anayegawia wageni kumi samaki mmoja.
Hata matembezi yetu ya utotoni yalikuwa na kengele:
saa tatu na dakika kumi na saba, kasri;
saa tatu na arobaini, kulishangaa kasri kumekwisha;
saa tatu na arobaini na moja, choo.
Mama alikula tonge lake la wali akitembea.
Katika picha zote kageuza shingo,
anaangalia kile tulichokuwa tunakiacha.

Kwa hiyo safari hii nimeipanga mimi, kwa penseli.
Siku ya kwanza: kufika.
Treni ya behewa moja, pwani ya Iwami,
bahari upande wa kulia, na dereva anayesimamisha
kwenye stesheni isiyo na mtu, kwa heshima tu.
Siku ya pili: mtaa mmoja.
Una mapaa ya vigae vyekundu, mfereji, duka la tofu,
na bafu la maji moto ambapo sarafu unaiacha kwenye kikombe.
Siku ya tatu sikuandika kitu.

Baba akavaa miwani, akaishika kalamu nyekundu.
"Fumiyo, hapa una pengo la saa ishirini na nne."
Nikamwambia, "Ndiyo."
"Ajali hutokea kwenye mapengo."
Nikamwambia, "Na mama je, angetokea wapi?"
Aliifunika kalamu yake. Hatukusema tena hadi chai ikapoa.

*

Husemwa mwenda pole hajikwai.
Baba huenda pole, na hujikwaa:
kwenye kizingiti cha duka la tofu,
kwenye jani la mtini lililolowa,
mara moja kwenye kivuli cha fimbo yake.
Basi la saa nne likatupita tukiwa bado
ng'ambo ya daraja, mikono juu, kama wezi waliokamatwa.
Lingine, lilisema bango, ni saa tisa na dakika hamsini.

Karibu na kituo, barazani, bibi mmoja alimenya makaki,
yale makali, yanayokausha ulimi
hadi yaning'inizwe wiki sita upeponi ndipo yakubali kuwa sukari.
Jina lake Hisae Nagaoka. Hakutuuliza tumetoka wapi.
Alimtazama baba, akaitazama saa ya baba,
akampa kisu.

La kwanza alilichuna vibaya, likabaki na vidonda.
La tano ganda lilishuka utepe mmoja,
refu, bila kukatika, hadi kwenye kiatu chake.
Bi Hisae akalifunga kikonyo kwa uzi,
akasema tu, "Hilo litawahi mwaka mpya,"
na wakaendelea, wawili wale, goti kwa goti,
huku mimi nikihesabu matunda kisha nikiacha kuhesabu.
Juu yetu kamba zilijaa. Jua lilipita katikati ya makaki
likatuachia sura za watu wenye afya.
Nilimwona baba akigeuza shingo,
kwa namna niliyoizoea kwenye picha,
lakini hapakuwa na kitu tulichokuwa tunakiacha.

Kisha basi likaja, likafungua mlango.
Dereva akasubiri.
Baba aliangalia saa yake kwa mara ya kwanza tangu mchana.
"Limechelewa dakika mbili," akasema, kwa furaha ya zamani,
akampungia mkono dereva aende salama,
akachukua kaki jingine.